Mtoto wa ndugu yangu ameulizwa karatasi za babu yake kabla ya kupewa kitambulisho. Watu wa Amu (Lamu) na Malindi, tuzungumze

Mwalimu_Mkomani

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Jumatatu niliandamana na mtoto wa ndugu yangu kufuatilia kitambulisho. Ofisi siitaji wala mji wake, kwa sababu hili silo jambo la karani mmoja. Binti ana miaka 22. Alianza kuomba alipotimiza 18, miezi michache kabla ya uchaguzi wa 2022, na uchaguzi ule ukampita akiwa na karatasi ya kungojea mkononi. Baadaye akaambiwa faili yake haionekani, aanze upya. Akaanza upya. Ana cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, vitambulisho vya wazazi wote wawili na barua ya chifu. Pamoja na hayo yote akawekwa mbele ya wazee watano ahojiwe.

Maswali niliyaandika nyuma ya bahasha, ninayo hapa. Babu mzaa baba alizaliwa mtaa gani? Kitambulisho chake kiko wapi? Mlikuja lini? Mbona jina la tatu ni la Kiarabu? Mna shamba wapi, na mnapakana na nani?

Mlikuja lini! Mji wa Amu umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na sifa yake ya kwanza ni kwamba watu wameishi ndani yake bila kuhama kwa zaidi ya miaka 700. Mtoto aliyezaliwa kwenye nyumba hizohizo anaulizwa alishuka na jahazi gani.

Mbele yetu kwenye benchi alikuwa kijana mwenye jina la bara, baba yake kahamishiwa huku kikazi. Barua ya chifu, cheti cha kuzaliwa, vidole vikapakwa wino, akatoka. Hata chai niliyoagiza haijapoa. Kijana yule simlaumu, alipewa kilicho chake. Nauliza kwa nini cha binti yetu kipitie kwa marehemu.

Tuliporudi nyumbani mama yangu, ambaye ndiye bibi yake, alikuwa amekaa barazani anasuka ukili. Nikamweleza wanataka karatasi za mzee. Akaendelea kusuka. Kisha akasema: "Ndooni niwaonye makaburi." Akayahesabu kwa vidole, la mumewe, la baba mkwe, la babu wa baba mkwe, yote yako umbali wa kutembea.

Nimesimamia kituo cha kupigia kura katika chaguzi 3. Naweza kuapa kwamba kwenye vituo vyangu sikuona mtu akirudishwa kwa rangi yake wala jina lake. Aliyekuwa daftarini alipiga kura. Lakini kila mara walisimama mlangoni vijana wa mtaani, ninaowajua kwa majina, wanatazama tu. Bila kitambulisho au pasipoti tume ya uchaguzi, IEBC, haikuandikishi, na usipoandikishwa mimi msimamizi sina la kukufanyia. Wakati wa kampeni watu huzungumzia wizi wa kura. Kura ambayo haikuzaliwa haina anayeiulizia.

Askari_Mstaafu

Mwalimu, pole. Ila nisikilize na mimi. Nimefanya kazi mpakani miaka mingi na nimezika wenzangu. Mauaji ya Mpeketoni Juni 2014, na ya Chuo Kikuu cha Garissa Aprili 2015, hayo hatukuota. Wapo watu wamevuka na kupata vitambulisho vya Kenya, na mtu akishakuwa nacho huwezi kumzuia popote. Nikiwa kazini nilitaka maswali yaulizwe.

Mwalimu_Mkomani

Afande, nakuheshimu, na wenzako Mungu awarehemu. Maswali yaulizwe. Lakini yaulizwe kila mwombaji wa nchi hii, na yawe juu ya mwombaji mwenyewe. Wewe unajua kuliko mimi kwamba mwenye nia mbaya hakai benchini miaka 4. Anatoa pesa na kupitia mlango wa nyuma siku hiyohiyo. Anayebaki benchini ni binti wa watu asiyekuwa na cha kutoa, au aliyelelewa kwamba rushwa ni haramu.

Kiunga_Kwetu

Mimi ni Mbajuni. Karatasi za babu yangu zimo majivuni. Wakati wa vita vya shifta, wale waliotaka kaskazini-mashariki ijiunge na Somalia, miaka ya 1960, vijiji vyetu vya bara vilibaki mahame. Watu walikimbilia visiwani na Mombasa, wakaacha mashamba, minazi na masanduku. Wengine hawakurudi mpaka leo. Sasa mjukuu akiulizwa shamba la babu liko wapi, anyooshe kidole msituni?

Na lipo jingine. Wabajuni tuko pande zote mbili za mpaka, hata visiwa vya Kismayu kuna ndugu zetu. Mpaka ulichorwa na Waingereza na Waitaliano, hatukuitwa. Nikisema mimi Mbajuni naambiwa nithibitishe kwamba si Msomali. Msomali wa Garissa naye anaambiwa athibitishe kwamba si wa Somalia. Mtu unathibitishaje kitu ambacho si?

Wakili_Ganda

Niweke sheria mezani kwa ufupi. Katiba ya 2010, Kifungu 12, kila raia ana haki ya pasipoti na hati za usajili. Kifungu 27 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya rangi, kabila, dini, nasaba na mengineyo. Kifungu 38 kinampa kila raia mtu mzima haki ya kuandikishwa kuwa mpiga kura bila vizuizi visivyo na maana. Na kipo Kifungu 47, ambacho watu hukisahau: ofisi ya umma ikikuathiri kwa uamuzi wake, una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Mwalimu, aliwahi kupewa sababu kwa maandishi?

Mwalimu_Mkomani

Hata mstari mmoja. Kila kitu kwa mdomo.

Mtoto_wa_Langoni

Lakini si Rais aliyafuta mambo haya? Mimi nilimsikia redioni.

Mwalimu_Mkomani

Alitangaza akiwa Wajir, Februari 2025, kwamba kuwapiga msasa, yaani kuwahoji zaidi kabla ya kuwapa kitambulisho, watu wa kaunti za mpakani kumekwisha. Nilifurahi, nikamwambia binti twende. Pale tulipokwenda wanasema sasa si msasa, ni mazungumzo ya kawaida. Bahasha ya maswali nimewasomea hapo juu. Mahali pengine labda mambo yamebadilika, na nitafurahi kusikia.

Binti_Kakoneni

Nimesoma kimya tangu mwanzo. Sasa nitasema na naomba msinikasirikie, maana sisemi kwa ubaya.

Mimi ni Mgiriama, nyumbani Kakoneni, nafanya kazi Malindi mjini. Linalompata binti wa Mwalimu ni dhuluma, sina wasiwasi. Lakini mnapozungumza kama kwamba ubaguzi wa kura ulianza na vitambulisho, babu zetu wananung'unika kaburini. Wazungu wa nchi hii walichagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria tangu 1920. Baada ya 1923 Wahindi wakapewa viti vyao 5, na Waarabu wa Pwani kiti 1. Mwafrika je? Alisemewa na Mzungu aliyeteuliwa na gavana, mara nyingi mmisionari. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia 1944, naye kwa kuteuliwa. Sisi tulipiga kura mara ya kwanza Machi 1957, viti 8 nchi nzima, na Pwani ikampata Ronald Ngala, mwalimu, Mgiriama mwenzetu. Hata hapo hawakuruhusiwa wote. Ilibidi uwe na elimu, au kipato, au mali, au utumishi wa miaka mingi. Sifa moja ilikupa kura moja, na mwenye sifa nyingi aliweza kupiga hadi kura 3. Babu yangu mkulima hakuwa na hata moja. Mwarabu wa mjini Malindi wakati huo alikwisha kuwa na mjumbe zaidi ya miaka 30.

Na mnapoulizwa mnapakana na nani shambani, sisi tunacheka kwa uchungu. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwaandikia Waarabu na Waswahili wa mwambao mashamba, sisi tukageuka maskwota kwenye ardhi tunayolima. Mimi nikiulizwa shamba nitajibu nini?

Mwalimu_Mkomani

Dadangu Kakoneni, ahsante. Nimelisoma neno lako mara mbili, na kila ulichosema ni kweli.

Nitakuambia nilichokikuta sandukuni usiku ule. Tulifungua sanduku la marehemu baba, la mkangazi, lina harufu ya udi mpaka leo. Ndani ya kitambaa cha shashi kulikuwa na karatasi yake ya zamani ya serikali ya mkoloni. Kabila lake limeandikwa Mwarabu. Baba yangu hakuwa Mwarabu. Alikuwa Mswahili wa Amu, mama yake alizaliwa Siyu, Kiarabu chake kilikuwa cha msikitini. Lakini wakati wake ukiandikwa Mwafrika unabaki bila sauti, na Mswahili hakuwa na daftari lake. Waliokuwa katikati walisukumwa huku na huku. Thenashara Taifa, yaani Waswahili wa mataifa kumi na mawili wa Mombasa, waligombana na serikali miaka mingi kuhusu kama wahesabiwe Waarabu au wenyeji, na kura ilikuwa ndani ya ugomvi huo. Baba akachagua mlango uliokuwa wazi. Sikuwahi kumuuliza kama aliona vibaya kuupita na kuwaacha jirani zake nje. Ningependa ningelimuuliza.

Uchaguzi wa 1961 ulikuwa bado na viti vilivyotengwa: 10 vya Wazungu, 8 vya Wahindi, 2 vya Waarabu. Mei 1963 ndipo viti hivyo vikaondolewa. Karatasi ile iliyompa baba yangu sauti ndiyo leo inamfunga mjukuu wake. Tulipoipeleka ofisini, mzee mmoja wa kikao aliishika, akasema: "Babu yako mwenyewe alijiandika Mwarabu, wewe unatuambia nini?" Mtoto akanitazama mimi. Nami sikuwa na jibu la haraka.

Wa_Mpeketoni

Habari zenu. Nimesita kuandika kwa sababu najua jina langu likionekana wengine mtasema huyu ndiye wa bara mwenyewe.

Nimezaliwa Mpeketoni 1984. Wazazi wangu waliletwa kwenye mradi wa makazi wa Ziwa Kenyatta miaka ya 1970. Kitambulisho nilipata bila shida, Mwalimu amesema kweli, sikuulizwa babu. Lakini kila uchaguzi unapokaribia mimi huambiwa nikapige kura kwetu. Kwetu wapi? Kitovu changu kimezikwa hapa. Juni 2014 nilipoteza watu. Hata baada ya hapo wanasiasa wamesimama majukwaani wakihesabu wenyeji na wageni kama wanaohesabu mbuzi.

Na nikupe la babu yangu, maana naona kila mtu amemleta wake. Babu alikuwa Nyeri. Mwaka huohuo wa 1957 Mkikuyu, Mwembu na Mmeru hawakupiga kura bila cheti cha uaminifu, kwa sababu ya Mau Mau. Alikaa mbele ya kamati, akaulizwa ndugu zako wako wapi, nani alikula kiapo. Cheti hakupewa. Kwa hiyo binti wa Mwalimu akiniambia alivyokaa mbele ya wazee watano, mimi namuona babu yangu.

Binti_Kakoneni

Hili la cheti cha uaminifu sikulijua. Ahsante kaka.

Mwalimu_Mkomani

Ndugu yangu wa Mpeketoni, nakuomba radhi kwa niaba ya kinywa changu mwenyewe. Neno "wageni" nimelitumia, si mara moja, tena nikijua watu waliozaliwa hapa wananisikia. Siwezi kudai binti yetu asiulizwe babu yake alitoka wapi, kisha nikakuuliza wewe.

Nahodha_Mayungu

Mimi ni mvuvi, si mwandishi, mtanisamehe. Ni Mpemba. Baba yangu alikuja na upepo kama wavuvi wote, akaoa, akazaa. Nimezaliwa hapa kusini ya Malindi. Nina miaka 51.

Mpaka 2023 serikali ya Kenya haikunitambua. Tulikuwa Wapemba maelfu, Kilifi, Kwale, na Lamu wako. Laini ya simu kwa jina la jirani. Leseni ya kuvua kwa jina la jirani. Samaki wangu, pesa zinapita kwa simu ya mtu, akiamua kukata anakata. Watoto shuleni wanafika mahali wanakwama. Polisi wakija ufukweni tunajua wamekuja kwa nani.

Siku ya kura sisi tulikuwa tunakwenda baharini. Jioni ukishusha samaki, kila anayekupokea kidole chake cheusi cha wino. Mwenye duka, mama wa maandazi, imamu. Wanauliza nani kashinda. Wewe unaficha mkono mfukoni. Mkono msafi, lakini unauficha. Hilo sijamwambia mtu mpaka leo.

Wamakonde wa Kwale walitutangulia. Walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi 2016, baadaye wakapata vitambulisho, 2017 wakapiga kura. Tukaona kumbe inawezekana. Yetu ikatoka 2023.

Usajili wa wapiga kura ulipofunguliwa tena mwisho wa Septemba 2025 nilikwenda wiki ya pili. Mashine ikakataa vidole vyangu. Mshipi umevila, miaka 35 navuta mshipi, havina mistari tena. Karani, msichana mdogo, hakunifukuza. Alinipa maji ya moto kidogo na sabuni, nikaosha, akaniambia baba sugua na mafuta. Tukajaribu kimoja baada ya kingine. Cha 9 kikashika. Watu nyuma yangu kwenye foleni wakapiga makofi.

Kiunga_Kwetu

Nahodha, umenitoa machozi hapa kazini.

Wakili_Ganda

Nilipokuwa chuoni tulisoma kesi moja ya Marekani, nayo imenirudia tangu niliposoma swali la babu. Jimbo la Louisiana mwaka 1898 liliwawekea wapiga kura mtihani wa kusoma na sharti la mali. Kisha likaongeza kwamba mtu ambaye baba au babu yake alikuwa na haki ya kupiga kura tarehe 1 Januari 1867 anasamehewa masharti hayo. Neno rangi halikuandikwa popote. Lakini tarehe hiyo Mweusi wa Louisiana hakuwa na kura, wengi wao walikuwa watumwa miaka michache tu nyuma. Kwa hiyo Mzungu asiyejua kusoma alipita kwa babu yake, na Mweusi alizuiwa kwa babu yake. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikibatilisha kipengele cha aina hiyo cha Oklahoma mwaka 1915. Majimbo yakabuni njia nyingine, na ilichukua mpaka 1965 kupatikana sheria ya taifa yenye meno.

Nilichojifunza ni hiki: ukitaka kubagua bila kuandika rangi, uliza karatasi ambayo unajua watu fulani hawakupewa. Hapa kwetu mwanamke hakuandikishiwa kitambulisho mpaka mwisho wa miaka ya 1970. Ukimuuliza mtu karatasi ya bibi yake ya 1965, unauliza kitu ambacho serikali yenyewe haikumpa.

Mwalimu_Mkomani

Hilo la bibi nitalitumia, Wakili. Mama yangu alipata chake akiwa na watoto wanne.

Askari_Mstaafu

Nimerudi. Nimesoma yote. Suala la usalama silitoi, ila kumuuliza mtoto mwenye cheti cha kuzaliwa cha Kenya "mlikuja lini" si kazi ya usalama. Hilo nalikubali. Mwalimu, wale wazee watano ni wa mtaa gani? Wanamjua?

Mwalimu_Mkomani

Mmoja alisali na baba yangu safu moja miaka mingi. Alinyamaza muda wote. Tulipotoka akanifuata nje, akanishika mkono, akasema: "Ukinena sana na wewe wataanza kukutafutia." Sikumkasirikia, nilimhurumia.

Mtoto_wa_Langoni

Lakini Mwalimu, kura moja ya binti itabadilisha nini? Sisi kaunti yetu ndiyo yenye wapiga kura wachache zaidi kati ya zote 47.

Mwalimu_Mkomani

Kwa sababu hiyohiyo, mwanangu. Mwaka 2022 daftari la Lamu yote lilikuwa na watu elfu 81 na ushei. Mwaka 2017 kiti cha ugavana kiliamuliwa kwa kura zisizofika 200. Kwa mtaa wangu peke yangu naweza kukutajia vijana 14 wasio na kitambulisho. Zidisha kwa mitaa ya Amu, uende Pate, Faza, Kiunga, Kizingitini. Kiti cha mwakilishi wadi ndiyo usiseme, huko watu hushindana kwa idadi ya msafara wa harusi. Na hata ingekuwa kura yake haibadilishi lolote, ni yake.

Wakili_Ganda

Mwalimu, andikeni barua leo. Kurasa mbili zinatosha. Tajeni tarehe zote mlizokwenda, namba ya karatasi ya kungojea, maswali aliyoulizwa neno kwa neno kama ulivyoyaandika, na muombe sababu kwa maandishi chini ya Kifungu 47. Nakala moja ipigwe muhuri wa kupokelewa, ibaki kwenu. Nakala nyingine kwa Tume ya Taifa ya Haki za Kibinadamu. Barua asaini binti mwenyewe, si wewe. Ni mtu mzima.

Mwalimu_Mkomani *(siku 9 baadaye)*

Samahanini kwa kimya. Pepo za wiki iliyopita ziliharibu safari za boti.

Barua aliiandika mwenyewe, mimi nilimsahihishia koma tu. Aliongeza aya ambayo sikumwambia: kwamba yeye ni Mswahili, si Mwarabu, na babu yake aliandikwa hivyo kwa sababu sheria ya wakati ule haikumpa mlango mwingine, na kwamba hadai haki yoyote kwa jina la babu.

Tulifika saa 2 asubuhi. Karani aliisoma amesimama, akaingia ndani nayo, akakaa kama nusu saa. Aliporudi hakusema kitu. Akafungua droo, akatoa muhuri, akagonga nakala yetu na kuandika tarehe kwa mkono. Kisha akamwambia binti anyooshe vidole, vichukuliwe upya, kwani vya mwanzo haviko.

Wametupa wiki 3. Karatasi ya kungojea ni mpya, namba ni mpya. Tulipofika nyumbani bibi yake akaomba aione, akaigeuza, akauliza mbona haina picha. Ameiweka ndani ya shashi, juu ya ile ya mzee.

Nahodha_Mayungu

Ikitoka mwambie asingoje, aende IEBC siku hiyohiyo. Na aoshe vidole kwa maji ya moto.